Kasuku Aliyechukuliwa kwa Utani

Hivi karibuni nilikaa kwenye msiba mmoja hapa Kibaoni, na mtu ambaye hakuwa amezaliwa wakati wa mambo aliyoyasimulia aliwaeleza waombolezaji habari za kasuku wa zamani aliyewaita watu kwa majina, na kila aliyeitwa akafa. Alisema macho ya ndege huyo yalikuwa mekundu kama makaa, na kwamba alifugwa na ajuza mmoja aliyejua dawa. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Ajuza huyo alikuwa bibi yangu, mama yake baba, na hakujua dawa yoyote zaidi ya majani ya mpera kwa tumbo la kuhara. Kasuku mwenyewe alizoea kusinzia akiwa ameegemea kifua changu. Kwa kuwa waliobaki na kumbukumbu ya jambo hili wanazidi kupungua, na wanaolisimulia wanazidi kuongezeka, naandika.

Kwanza nitenge mchele na pumba. Nilisikia kwamba kasuku aliletwa kutoka Kongo akiwa kinda. Kwamba umri wake ulilingana na wa bibi. Kwamba alijua sala nzima kwa Kihindi. Hayo sikuyaona, na walioniambia hawakuyaona pia. Niliyoyaona ni haya: ndege wa rangi ya majivu, mkia wake mwekundu umebakiwa na manyoya machache, kifua kimenyonyoka hadi ngozi ya waridi ikaonekana, jicho la kushoto limefunikwa na ukungu, na vidole vya miguu vimekakamaa kiasi cha kushindwa kuzunguka kijiti. Jicho la kulia, lililokuwa zima, lilikuwa la manjano iliyopauka. Halikuwa jekundu. Harufu yake ilikuwa ya pumba zilizoanikwa juani, kwa sababu manyoya yake yalitoa unga mweupe mwembamba uliobaki kwenye shati langu la shule.

Wazazi wangu walikuwa kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kilosa, nami niliachwa kwa bibi ili nisome. Pamoja nasi aliishi shangazi Skola, binti wa mwisho wa bibi, ambaye mumewe alikaa kwenye kambi za wavuvi mtoni na kurudi nyumbani mara chache, akinuka kambale wa kukaushwa na moshi. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, na uani palikuwa na kinu, banda la kuku na ghala la mpunga.

Kasuku alikuwa mali ya Mhindi mmoja mwenye duka. Mhindi huyo alipofariki, wanawe walikuja wakahamisha bidhaa, wakafunga milango, wakaondoka. Ndege aliachwa katika stoo ya nyuma, na Kaspari, mchukuzi wa dukani, akaachiwa kazi ya kumpelekea chakula. Masika yakaja, mto Lumemo ukafurika, maji yakaingia madukani. Yaliyotokea ndani ya stoo aliyajua Kaspari peke yake. Mimi nashuhudia kuanzia pale alipoingia uani kwetu, nguo zikimchuruzika maji tangu kiunoni, akiwa amebeba gunia lililokuwa likipiga kelele.

"Hodi, mama. Nimekuletea mgeni."

"Mgeni gani huyo asiyetembea kwa miguu yake?" bibi aliuliza.

"Miguu anayo, ila haimtoshi. Mke wangu amesema tukiingia ndani wote wawili, yeye atatoka."

"Na mimi umeona sina wa kunikataza." Bibi alinielekezea kidevu. "Huyu hapa ndiye mume wangu. Mwombe yeye."

Kaspari akanigeukia, akainama kwa heshima kama anayemwomba mkwe. "Bwana mkubwa, tumpokee?"

Nilisema tumpokee. Kwetu bibi humwita mjukuu wake mume, na mjukuu hujibu kama mume, na mimi nilikichukulia cheo hicho kwa uzito. Niliamini kwamba kasuku aliingia nyumbani kwa amri yangu. Nakumbuka jambo hili kwa sababu ndilo lililonifanya niamini pia kwamba hawezi kutoka bila amri yangu.

Siku ya kwanza nilitaka kumtoa katika tundu la kuku tulilomweka, kama nilivyozoea kuwashika vifaranga, mkono ukishuka kutoka juu na kiganja kikifunika mgongo. Alipiga ukelele, akaanguka kwenye sakafu ya tundu, na nilipomfuata huko chini aliniuma kidole hadi damu ikatoka. Nikatangaza kwamba ndege huyu ni mkali. Bibi alikuwa akipepeta mchele, wala hakusimamisha ungo.

"Si mkali. Mwewe humjia ndege kutoka wapi?"

"Juu."

"Na gunia la Kaspari lilimjia kutoka wapi?"

"Juu."

"Na wewe?"

Nilikitia kidole mdomoni.

"Basi wewe ni mwewe mwenye kamasi. Kaoshe hicho kidole."

Bibi hakuwa amewahi kufuga kasuku. Alikuwa amemuuguza mama mkwe wake aliyelala kitandani kwa misimu kadhaa, na yote aliyonifundisha juu ya ndege yule aliyatoa kwenye kitanda kile. Alisema mzee aliyeishiwa nguvu hamwogopi anayemshika, anaogopa kuanguka. Akishajua kwamba hataanguka, hata mtoto mdogo anaweza kumbeba. Alisema pia kwamba mzee haguswi kabla ya kuamkiwa. Kwa hiyo nilisimama upande wa jicho zima, nikasema shikamoo, nikangoja. Kasuku hakuitikia marahaba, na anayesema aliitikia anasema uongo. Alichofanya ni kulaza manyoya ya shingo yaliyokuwa yamesimama, na kugeuza kichwa ili anione vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa. Hapo nikaupeleka mkono kutoka chini, taratibu, nikaulaza mbele ya kifua chake, usawa wa miguu.

Jambo lililonishinda kwa muda mrefu lilikuwa mdomo. Kila nilipoulaza mkono, kasuku aliinamisha ule mdomo mweusi uliopinda na kunishika nao, na mimi niliuvuta mkono haraka nikidhani naumwa. Naye, akiwa tayari ameinua mguu mmoja, alikosa pa kuegemea akaanguka. Bibi aliniona nikifanya hivyo mara nyingi, kisha akaweka ungo chini.

"Anakushika kwa mdomo kama mzee anavyoushika mwimo wa mlango. Hajakuuma. Anapima kama utabaki pale. Ngazi inayokimbia nani ataipanda?"

Nilifumba macho, nikauacha mkono. Mdomo ulinibana, ukalegea. Kisha nikahisi vidole vyake, baridi na vikavu kama maganda ya karanga, kimoja baada ya kingine, na uzito wake wote, ambao ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Nilimleta kifuani, kiganja cha pili kikiwa chini ya miguu ili ahisi sakafu. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio hata sikuweza kuyatenga mapigo. Nilisimama bila kutikisika hadi yakaanza kutengana.

Tangu siku hiyo kazi ikaenda mbele. Tulichana kanga kuukuu ya shangazi tukazungushia vijiti vyote vya tundu ili nyayo zake zisiteleze. Magunia yote yaliyokuwa chumbani mwake tuliyahamishia ghalani, kwa sababu alitetemeka kila alipoyaona. Nilimletea pilipili mbichi, ambazo alizila kama mimi ninavyokula embe, na mahindi mabichi yaliyochemshwa kwa kuwa mdomo wake ulikuwa umechoka. Nilimrudisha tunduni kabla hajachoka kubebwa, kama bibi alivyoagiza, ili kila mara akumbuke mwisho mwema. Siku moja, akiwa chini ya kidevu changu, alianza kutoa mlio wa kukwaruza kichwani mwake, kama mtu asagaye mtama nyumba ya mbali. Nilikimbia naye kwa bibi nikilia kwamba anakufa.

"Ulipokuwa mdogo ulisaga meno usingizini," bibi alisema. "Ulikuwa unakufa?"

"Hapana."

"Basi mrudishe alale. Na wewe unyamaze, umeshaoa, huwezi kulia hovyo."

Nilimrudisha, na nikiwa njiani nilimwahidi kwa sauti kwamba hataingia gunia tena maisha yake yote.

Sasa nifike kwenye maneno ya kasuku, ambayo ndiyo yameongezewa chumvi zaidi. Katika muda wote niliokuwa naye alisema mambo mawili tu yanayoeleweka. La kwanza alikuja nalo kutoka dukani: "Kaspari, fungua!" Alilisema kila asubuhi kulipokucha, kwa sauti ya mtu mzima mwenye mafua, kwa kuwa kila asubuhi ya miaka yake yote mwenye duka alimwambia Kaspari afungue milango. Kaspari alipokuja kumtazama, Jumapili baada ya Misa, alikuwa akisimama mbele ya tundu na kuitika, "Naam, bwana, nafungua," kisha anacheka hadi kikohozi kinamkatiza. Nasema kikohozi. Kaspari alikuwa akikohoa tangu siku aliyoingia na lile gunia, nami nilimsikia kwa masikio yangu. Mpunga ulipoanza kukomaa alishikwa na homa, na kabla ya mavuno kwisha tulimzika.

Asubuhi baada ya mazishi, kasuku alisema, "Kaspari, fungua!"

Mama Imelda, jirani yetu, alikuwa akipita na debe la maji kichwani. Alisimama.

"Bado anamwita?"

"Anaita kama alivyozoea," bibi alijibu.

"Alimwita akiwa hai, akaenda. Sasa huko aliko amfungulie nani?"

"Imelda, ndege hajui nani yuko na nani hayuko. Hata wewe mwenyewe jana umemwita mbuzi wenu aliyechinjwa Pasaka."

Shangazi Skola alicheka hadi akashika kiuno. Mama Imelda naye alicheka kidogo, maji yakamwagikia usoni. Nilimpenda bibi siku hiyo kuliko siku nyingine yoyote. Nilimwona kama ukuta uliosimama kati ya kasuku na dunia.

Jambo la pili kasuku alijifunza kwetu, na mwalimu wake alikuwa bibi mwenyewe. Shangazi alikuwa mjamzito na mzito wa kuamka, na bibi alikuwa akimwita mchana kutwa: "Skola, moto! Skola, moto unazimika!" Mchana mmoja wa jua kali, bibi akiwa shambani, shangazi ameketi barazani akisuka ukili, sauti ya bibi ilitoka chumbani, safi kabisa: "Skola!" Shangazi aliitika, "Abee, mama." Ikaita tena. Aliinuka akaingia ndani, na mimi nilimfuata. Hapakuwa na mtu. Kasuku aliugeuza upande wa jicho zima, akamtazama, akasema, "Skola!"

Mimi nilifurahi. Nilidhani ni heshima kubwa, kwamba ndege mzee kiasi kile amejifunza jina la mtu wa nyumba yetu. Nilimpigia makofi. Nilipogeuka nilimwona shangazi ameweka mikono yote miwili tumboni, na midomo yake imekauka.

Baada ya hapo hakupita tena mlangoni mwa chumba kile. Alizunguka nyumba kwa nyuma, hata kwenye mvua. Mama Imelda hakuingia tena uani. Alisalimia kutoka njiani. "Watu wanasema," alikuwa akianza hivyo kila mara, nami nilitamani kuwajua hao watu, kwa kuwa sikuwahi kumwona hata mmoja wao. Bibi hakumjibu tena kwa mzaha. Aliitikia tu, "Nimesikia," akaendelea na kazi yake. Mimi niliona ukimya huo kuwa hasira dhidi ya Mama Imelda.

Katika siku hizo hizo bibi aliongeza bidii katika masomo yetu, na hapa ndipo nilipomsoma bibi vibaya kabisa. Alisema ndege anayejua mkono mmoja tu ni yatima anayesubiri siku yake. Nikienda shule au nikiugua, nani atambeba? Akataka ajifunze kubebwa na mtu mwingine. Alijitolea yeye mwenyewe. Nilimfundisha hatua kwa hatua yale aliyonifundisha: asimame upande gani, aamkie, aulaze mkono wapi. Kasuku alichukua muda, kisha akamkubali. Halafu bibi alitoa koti kuukuu la baba, akaniambia nimzoeze kukaa ndani yake, kichwa kikiwa gizani.

"Kipupwe kinakuja," alisema. "Mzee na baridi hawapatani."

Nilimzoeza. Ndani ya koti alinyamaza kabisa. Hakusema Kaspari, hakusema Skola. Alisaga mdomo wake tu, kwa amani. Bibi aliweka sikio karibu, akasikiliza kwa muda.

"Hasemi kitu akiwa humu?"

"Hasemi."

"Hata akitembezwa?"

Nilizunguka naye uani, nikatoka hadi njiani, nikarudi. Hakutoa neno. Bibi aliniwekea mkono kichwani akasema, "Umefanya kazi nzuri, mume wangu." Nililala nimejaa fahari.

Wasomaji wa rika langu wanajua utani wa koo ulivyokuwa katika bonde hili. Kwa ajili ya wajukuu wao nieleze kidogo. Ukoo wetu ulikuwa na ukoo mwenzake wa utani. Mtani hutukana bila kukosea na huchukua bila kuiba. Anaweza kuingia kwako akabeba kigoda, jogoo, hata chungu kilichoko motoni, na ukimkasirikia wewe ndiye mwenye kosa. Lakini kinachochukuliwa kwa utani hukombolewa. Mwenye mali humfuata mtani na zawadi ndogo, hata yai, na mtani akishaiona zawadi hana ruhusa ya kuikataa. Atalalamika kwamba ni ndogo, atakuita bahili, atakurudishia chako. Mimi nilijua sheria hii kama nilivyojua sala ya Baba Yetu.

Mtani wetu mkubwa alikuwa mzee Leonsi, mkulima wa mpunga aliyeishi ng'ambo ya Lumemo, kando ya njia iendayo Mchombe. Alikuwa mrefu, mkavu, aliyewahi kuwa askari katika vita ya Wazungu, na kila alipokuja kwetu uani kulijaa kicheko kabla hajafungua mdomo. Alikuja mchana, siku ya mapumziko ya shule, jua likiwaka, naye amevaa koti lake la kijeshi lililofungwa vifungo vyote. Nililiona koti. Nilicheka, nikidhani ni sehemu ya vichekesho vyake.

"Watu wa ukoo huu mna roho mbaya," alisema akiwa bado mlangoni. "Nimesikia hata ndege wenu anakula karanga, na mtani wenu anakula upepo."

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba, mwizi wa baadaye. Bibi yako yuko wapi? Nimekuja kuchukua mali yangu."

Bibi alitoka jikoni akifuta mikono. "Chukua unachotaka. Ila uso wako uuache kwenu siku nyingine, unatisha vifaranga."

"Vifaranga nitachukua kesho. Leo namtaka yule mzee mwenzangu aliyeko ndani. Mnamtesa. Hamumpi hata mke."

Nilimtazama bibi. Alicheka. Nimekikumbuka kicheko hicho mara nyingi kuliko sauti nyingine yoyote ya utoto wangu, na nikiri tu kwamba wakati ule sikusikia kasoro yoyote ndani yake. Akaniambia, "Mume wangu, mwonyeshe mtani wako namna ya kumbeba. Asije akamwangusha."

Nilikimbia chumbani nikamleta kasuku kifuani. Nilimpanga mzee Leonsi mwenyewe: asimame hapa, upande huu, asiinue mkono juu.

"Kisha umwamkie," nilisema.

"Nani? Mimi?"

"Ni mkubwa. Ukimgusa bila kumwamkia atakuuma."

Mzee Leonsi alimtazama bibi, akanitazama mimi, akavua kofia. "Shikamoo, mzee," akamwambia ndege.

Shangazi, aliyekuwa amesimama mbali nyuma ya kinu, alitoa kicheko kimoja kifupi, akajiziba mdomo. Mimi nilicheka kwa sauti. Kasuku alilaza manyoya ya shingo. Mzee Leonsi aliulaza mkono, mdomo ukamshika, nami nikamwambia kwa haraka, "Usiuvute, babu, anapima tu," na hakuuvuta. Kasuku alipanda. Nilifungua mwenyewe vifungo viwili vya juu vya koti, nikakiweka kiganja cha mzee chini ya miguu ya ndege, nikamsaidia kuingiza kichwa gizani. Ukasikika ule mlio mdogo wa kusaga, wa amani.

"Anasaga," nilisema. "Maana yake amekukubali."

Mzee Leonsi hakunijibu kwa mzaha. Alivaa kofia, akatoka, akapita mbele ya uzio wa Mama Imelda na mbele ya nyumba zote za njia ile, na hakuna jina lililoitwa. Nilimsindikiza kwa macho. Nilikuwa nimekwisha kuchagua moyoni nitakachomkombolea.

Nilikuwa na kuku wangu mwenyewe, tetea mweupe niliyepewa na baba, anayetaga. Niliona kwamba yai halimtoshi kasuku. Nitoe kuku mzima, ili mtani asiwe na la kusema. Jumamosi iliyofuata nilimfunga miguu kwa ukili, nikamtia kwapani, nikaondoka bila kumuaga bibi. Nilitaka nirudi na kasuku ghafla, tucheke. Maji ya Lumemo yalikuwa yamepungua. Nilivuka yakinifika magotini, kuku nimemwinua juu. Mashamba yalikuwa yamevunwa, na mabua ya mpunga yalinichoma nyayo.

Nilimkuta mzee Leonsi akirekebisha mpini wa jembe. Nilimwamkia, nikamwekea kuku miguuni pake kama desturi inavyotaka.

"Huyu wa nini?" aliuliza.

"Wa kumkomboa kasuku, babu."

Nilingoja aniite bahili. Nilingoja aseme kuku amekonda. Aliweka jembe chini, akamwokota kuku kwa taratibu, akanirudishia mikononi.

"Rudi naye nyumbani, mjukuu wangu."

"Hatoshi?"

"Anatosha. Angetosha hata manyoya yake. Lakini yule hakuchukuliwa kwa utani."

Nilimwambia kwamba alikuja akitania, kwamba bibi alicheka, kwamba wote tulicheka. Aliniacha nimalize.

"Yako mambo mwenye nyumba haondoi kwa mkono wake," alisema. "Likihusu kifo, humwita mtani aje aliondoe. Mimi niliitwa. Niliambiwa nije mchana, nivae koti, nisibebe gunia kwa kuwa atapiga kelele njiani. Tulitania ili wewe usilie mbele ya ndege, maana ukilia angekataa kuja."

"Yuko wapi?"

"Nimefanya nililoitiwa."

Hakusema zaidi, nami tangu siku hiyo nimesikia mengi. Wapo wanaosema kasuku alitoswa mtoni. Wapo wanaosema aliachiliwa kwenye msitu chini ya milima, ambako ndege wa miguu ile na jicho lile hangemaliza siku. Wengine wanasema aliuzwa kwa Mzungu mmoja, na hao ndio wenye huruma kuliko elimu. Shangazi alijifungua salama, na watu wakasema ni kwa sababu ndege aliondolewa. Alikuwa amewahi kujifungua salama mara nyingine, kabla ya ndege yule kukanyaga nyumbani kwetu, ila hilo hakuna aliyelisema. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwepo. Mimi pia sikuwepo, kwa hiyo silisemi.

Hata maneno ya mzee Leonsi, nilipokuwa nikivuka tena Lumemo, niliyachukua kama neno la mtu mmoja. Watu wazima hudanganya watoto. Hilo nilikuwa nimeanza kulijua. Nilijiambia kwamba bibi akiniona ataniuliza kuhusu kuku, kwa kuwa bibi alikuwa mtu ambaye yai moja likipungua bandani nyumba nzima huhojiwa. Ataniuliza nimemtoa wapi, nimempeleka wapi, kwa nini matope yamenifika magotini. Nami nitamweleza, naye atashangaa, atafunga kanga yake kiunoni twende pamoja kumdai mtani.

Niliingia uani kuku akiwa kwapani, amefungwa miguu. Bibi alikuwa kwenye kinu, anatwanga. Aliinua macho akaniona. Akamwona kuku. Mchi ulibaki juu kwa muda, kisha ukashuka.

"Mfungue hiyo kamba," alisema. "Mguu utavimba."

Akaendelea kutwanga. Hakuniuliza kitu.